Maswali yenu ya gemu: hizi gemu ndogo tuzipimeje?

Toleo lililopita niliandika kuhusu gemu ndogo za kwenye konsoli, zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi cha watu wachache bila kampuni kubwa nyuma yao, nikasema zipo zinazosifiwa kupita kiasi na zipo zinazoonewa, halafu nikaigusa na Tales of Kenzera: Zau. Meseji zimekuja nyingi aisee, nyingine za hasira kabisa. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu wenyewe.

Kaka habari za kazi. Mi nina kibanda cha gemu huku Mbagala, PS4 tatu, wateja wangu ni mpira asubuhi mpaka usiku. Nilivyosoma unavyozisifia hizi gemu ndogo nikanunua Hollow Knight nikaiweka kwenye TV moja, wiki nzima madogo wanaiangalia wanasema hii katuni ya wadudu toa weka mpira. Hela imepotea. Au mi ndo sijaelewa? Msomaji, Mbagala

Pole sana kaka, na hapa lawama naibeba mimi maana niliisifia bila kusema inachezewa wapi, na hilo ni kosa ambalo wachambuzi wengi tunalifanya, tunaandika kana kwamba kila mtu ana TV yake chumbani na mlango unaofungwa.

Hollow Knight imetengenezwa na Team Cherry, watu wachache tu wa Adelaide kule Australia, ikatoka 2017 kwenye kompyuta, na 2018 ikafika kwenye Switch, PS4 na Xbox. Ni gemu ya kuchezwa na mtu mmoja, usiku, hedfoni masikioni. Ukiingia eneo jipya huna ramani, unatembea tu unapapasa, mpaka usikie kwa mbali mtu anaimba kwa kuguna, uone na vikaratasi vimedondoka chini, ukivifuata unamkuta mchora ramani mmoja anaitwa Cornifer kajikalia kwenye kona, unamlipa anakuuzia ramani ambayo yenyewe haijakamilika. Sasa kaka niambie, kule kuguna utakusikiaje kibandani wakati pembeni watu wanne wanashangilia goli? Na mteja kalipia mechi yake, anataka dakika kumi zikiisha ajue kashinda au kafungwa, hana muda wa kupotea kwenye mapango ya wadudu.

Kibandani jaribu Overcooked. Ilitoka 2016, Ghost Town Games ya Uingereza walioianzisha walikuwa watu wawili tu, na inachezwa mpaka na watu wanne kwa pamoja. Ni jiko. Mmoja anakata kitunguu, mwingine anaweka kwenye sufuria, mwingine anapakua, mwingine anaosha vyombo, na oda zinaingia juu ya skrini huku muda unayoyoma. Niliiwasha nyumbani Sinza nikiwa na wadogo zangu wawili na jirani yetu mmoja mtu mzima tu, fundi wa magari, mtu mkimya, dakika tano hazijaisha fundi anapiga kelele "sahani! sahani ziko wapi, nani anaosha?", supu imeachwa motoni imeungua, moto umeshika jiko, mdogo wangu anakimbia na kizima moto na yule mwingine bado yuko kwenye kibao anakata kitunguu kana kwamba hakuna kinachotokea. Tulicheza mpaka umeme wa Luku ukaisha. Na zuri zaidi kwako mfanyabiashara, pedi moja inaweza kugawanywa watu wawili, mmoja upande wa kushoto mwingine wa kulia, kwa hiyo na pedi mbili una wateja wanne.

Ukicheza peke yako lakini ni adhabu, unaongoza wapishi wawili kwa kurukaruka kutoka huyu kwenda yule, raha yote inakufa. Kwa kibanda pia kuna TowerFall, ilifika PS4 mwaka 2014, kurushiana mishale watu wanne, raundi fupi sana, anayefungwa anataka irudiwe hapohapo. Hiyo Hollow Knight usiiuze, peleka PS moja nyumbani siku kibanda kimefungwa uijaribu mwenyewe.

Shikamoo kaka. Ulisifia What Remains of Edith Finch nikajibana mwanafunzi mie nikainunua, nimeianza saa moja jioni saa tatu imeisha. Masaa mawili!! Karibu elfu hamsini. Hiyo si hela ya wiki nzima ya kula? Wachambuzi mnapataje ujasiri wa kuipa alama zote zile? Msomaji, Mlimani

Marahaba mdogo wangu. Hasira yako ni halali na naomba nianze na hela kabla ya sanaa. Wachambuzi wengi wa nje gemu wanapewa bure kabla haijatoka ili waandike mapema, sa mtu ambaye hakutoa kitu mfukoni ni rahisi sana kusahau bei. Kwa mtu wa Dar bei ni sehemu ya gemu. Mimi toka sasa kila nikiandika nitaweka mstari mmoja, inaisha kwa saa ngapi na inauzwaje, na kama inaisha jioni moja nitasema subiri punguzo, maana hizi gemu ndogo zinapunguzwa bei mara kwa mara na ukiwa na subira utaipata chini hata ya nusu.

Ila kwenye urefu wenyewe sikubaliani na wewe. Kumbuka ile sehemu ya kiwanda cha samaki. Lewis, kijana mmoja wa ile familia ya Finch ambayo gemu inasimulia hadithi zao, amesimama kwenye mashine, kijiti cha kulia cha pedi ndio mkono wake, unamshika samaki unampeleka kwenye kisu kichwa kinakatika unamtupa, anakuja mwingine, unakata, anakuja mwingine. Halafu juu ya ile kazi akili yake inaanza kuota ufalme, na huo ufalme unauongoza kwa kijiti cha kushoto huku mkono wa kulia unaendelea kukata, na ndoto inakua inakua mpaka inajaza skrini nzima na wewe mkono wako wa kulia bado unakata samaki bila hata kuangalia. Nenda Feri asubuhi ukawaangalie wapara samaki, mikono inakwenda yenyewe macho yako kwingine kabisa, mtu anapiga stori, anacheka, kisu hakikosei. Mi sijawahi kuona gemu kubwa ya masaa mia iliyonieleza kazi ya mikono namna ile, na pale ni kama dakika kumi tu. BAFTA, wale wa tuzo za Uingereza, mwaka 2018 waliipa tuzo ya gemu bora, na naamini sehemu ile ina mchango mkubwa.

Kasoro ipo, mwendo wa kutembea ni wa kukera, huwezi kukimbia hata ukitaka, na kati ya hadithi moja na nyingine unajikuta unazurura tu vyumbani. Hiyo nilitakiwa kuiandika toleo lile sikuiandika. Lakini usiiache baada ya mara moja, mpe na mwenzako wa chumbani acheze wewe uwe unamwangalia.

Mi ni mdada nina miaka 31 nafanya kazi mjini narudi Tabata saa mbili usiku nimechoka. Cuphead nimekwama wiki ya pili bosi mmoja tu. Kila rivyu nayosoma inasema ugumu ndio raha yake. Raha ya nani? Msomaji, Tabata

Dada yangu, Cuphead naipenda sana kwa macho na masikio. Ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, waliamua gemu nzima ichorwe kwa mkono kama katuni za Marekani za miaka ya 1930, mchoro mmoja mmoja, mandhari za nyuma zikapakwa kwa rangi ya maji, na jazi ya ukweli ikarekodiwa na wapigaji, wakaweka na nyumba zao rehani ili waimalize, ikatoka 2017. Hiyo kazi haina ubishi.

Ila kuna kitu wachambuzi wengi walikipita haraka. Kuna njia rahisi ya kupigana na mabosi, yaani wale maadui wakubwa, sivyo, ukiichagua unapita, lakini ukimpiga bosi kwa njia rahisi hupewi ule mkataba wa roho, karatasi unayotakiwa kuikusanya kwa mabosi, na bila mikataba huwezi kufika mwisho wa gemu. Yaani wanakufungulia mlango wa mbele halafu sebuleni wanakwambia hapohapo usisogee. Mtu aliyelipa bei sawa na wengine, anataka tu kuona zile michoro zote ambazo watu wamezitolea jasho, ananyimwa. Hilo ni kosa la utengenezaji, na ulegevu wako dada hauhusiki hata kidogo.

Linganisha na Celeste ya Januari 2018, nayo ngumu kwelikweli, ya kupanda mlima, unakufa mara mia kwenye chumba kimoja. Wao waliweka sehemu ya msaada, unaweza kupunguza kasi ya gemu kidogo kidogo mpaka nusu, unaweza kuzima kifo kabisa ukitaka, na mlima wote unaupanda na hadithi yote unaipata mpaka kileleni. Aliyetaka mateso yake kayapata kamili, hajapunguziwa kitu. Na hata Team Cherry walipotoa Silksong, mwendelezo wa Hollow Knight, Septemba 2025 watu wakalalamika mabosi wa mwanzoni wanaua mno, apdeti ya kwanza tu wakawalegeza wawili. Mchambuzi anayekwambia ugumu hauguswi anaongelea starehe yake yeye ya saa nne asubuhi, hajawahi kushuka kwenye daladala ya saa mbili usiku. Nunua Celeste.

Mwanangu ana miaka 10 kaomba Stardew Valley. Kuna mambo ya kukatwa hela humo ndani kama zile za kwenye simu? Mama wa Kigamboni

Hapana mama. Unainunua mara moja basi, hakuna cha kulipia tena ndani, na ukishaishusha haihitaji bando. Imetengenezwa na mtu mmoja tu, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka Februari 2016, na mpaka leo apdeti zake anazitoa bure. Ni kilimo, kufuga, kuvua, kuzoeana na wanakijiji. Ujue tu kuna baa kijijini na bia zinauzwa, mtoto akisonga mbele kwenye gemu anaweza hata kutengeneza mvinyo kutokana na mazao yake, na mbele zaidi kuna kasino jangwani. Hazijachorwa vibaya ila ukae naye siku za mwanzo. Na muda uuangalie mama, ile "nimalizie siku hii tu nilale" inakula usiku wa watu wazima sembuse mtoto.

Nani anaamua gemu ni "indie"? Kuna gemu zina hela kuliko bajeti ya mtaa wetu bado zinaitwa ndogo. Msomaji, Kijitonyama

Hakuna anayeamua, na neno hilo indie, yaani gemu huru isiyo na kampuni kubwa nyuma yake, watu wanalitumia sana kwa sababu linauza. Mwaka 2023 Dave the Diver iliwekwa kwenye kundi la gemu huru bora la The Game Awards, tuzo za gemu za kila mwaka, wakati waliotengeneza, Mintrocket, ni watoto wa kampuni kubwa ya Nexon iliyoanzishwa Korea Kusini. Naona iliwekwa pale kwa sababu ya picha zake za vidoti vidoti tu. Gemu yenyewe nzuri, unazamia mchana unauza sushi usiku, lakini ilichukua kiti ambacho kingekaliwa na mtu asiye na baba tajiri. Halafu mwaka uliofuata Balatro, gemu ya karata ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ikachukua tuzo ya kundi hilohilo, na hapo nililala vizuri. Mimi nauliza maswali mawili tu, nani alikuwa na uwezo wa kuwaambia hapana, na gemu ingebuma nani angelala njaa.

Kaka umetuangusha. Zau ni gemu ya kwetu. Kuna Zuberi, kuna Baba, kuna mibuyu, dunia nzima imeona, wewe Mswahili mwenzetu unaandika mapigano yanajirudia na maadui ni walewale. Wazungu wakiponda sawa, na wewe? Za kwao unazisifia yetu unaibomoa. Tafakari. Msomaji, Temeke

Nimeisoma barua yako mara tatu na nimetafakari kweli, na jibu langu ni refu, nivumilie.

Kwa ambao hawaijui, Tales of Kenzera: Zau ilitoka tarehe 23 Aprili 2024, PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Studio inaitwa Surgent, mwanzilishi wake Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye ile sauti ya Bayek, mhusika mkuu wa gemu ya Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza baada ya kumpoteza baba yake. Kijana Zuberi kafiwa na baba yake, anapewa kitabu alichoandika marehemu baba, na ndani ya kitabu ndio tunamkuta Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, amletee roho kubwa tatu ili yeye arudishiwe Baba yake.

Baba yangu tumemzika Kinondoni. Siku arobaini zimepita watu wamerudi makwao, mimi kila simu ikiita jioni nilikuwa nadhani ni yeye. Nilipoicheza Zau kuna mahali unakuta mbuyu, unamkalisha Zau chini yake, Kalunga anakuja kwa umbo la mzee, wanaongea. Hakuna adui, hakuna kubonyeza haraka. Kijana anasema ana hasira, mzee anamsikiliza. Niliweka pedi chini. Nilikaa kama robo saa naangalia ule mbuyu na TV inawaka. Kwa hiyo ndugu yangu usidhani niliandika kwa kuidharau, hakuna gemu nyingine iliyonifanyia hivyo.

Lakini baada ya mbuyu unarudi kupigana, na hapo ndipo shida ilipo. Zau ana vinyago viwili, cha jua ni cha kupiga karibu kwa moto, cha mwezi ni cha kurusha kwa mbali, unabadilisha katikati ya pigo na mwanzoni ni raha sana, ni kama ngoma. Saa tatu baadaye bado uko kwenye uwanja uliofungwa, wanakuja walewale, wenye ngao unawavunja hivihivi, wanaoruka unawarushia hivihivi. Halafu kuna zile sehemu za kukimbia ambapo ukigusa mwiba umekufa papo hapo unarudishwa nyuma, zinakatiza huzuni ya hadithi katikati, unatoka kwenye mazungumzo ya msiba unaingia kwenye kutukana pedi. Wachambuzi wa nje wengi walisema hivyohivyo, wakasifu hadithi, rangi na muziki wa Nainita Desai, wakalalamikia mapigano. Kwenye hili walikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi siwezi kumkatalia kwa sababu ya pasipoti yake.

Kuna kitu lakini wao hawakukiona na nilitegemea sisi ndio tukiseme. Zile roho tatu, Impundulu ni ndege wa radi wa kusini kwa Waxhosa na Wazulu, GaGorib ni ya Wakhoikhoi, Kikiyaon inatoka Afrika Magharibi. Gemu inanadiwa kwa hekaya za Kibantu, na Wakhoikhoi si Wabantu. Mchambuzi wa London kwake yote ni "Afrika" akapita. Mimi nilitamani kila roho ije na kwao, na jinsi watu wa kwao wanavyoomboleza, kwa sababu Mxhosa hafanyi msiba kama mtu wa Pwani. Kazi kama hiyo ya uchambuzi ni yetu, na tukikaa kimya kwa kuoneana haya hakuna atakayeifanya.

Tofautisha na matusi. Mwaka huohuo Salim alitoka hadharani kuzungumzia ubaguzi ambao timu yake ilirushiwa mtandaoni, watu ambao wengine pedi hawajagusa, wanachukia tu kwa kuona mtu mweusi kwenye kava. Hao ndio wabomoaji, waandikie hao kwa hasira yako yote na mimi nitasaini. Ila mtu aliyekaa saa nane na gemu, akailia, akaimaliza, akasema hapa pamelegea, huyo kaiheshimu.

Na hizo "za kwao" unazosema nazisifia, soma juu hapo nilivyoiandika Cuphead. Gemu ya Cameroon vilevile, Aurion ya Kiro'o Games wa Yaoundé, 2016 kwenye kompyuta, niliwahi kusema dunia yake ni tajiri na maneno yake ni mengi mno, hakuna aliyenishika shati.

Kama hujamaliza Zau na PS5 unayo, ina sehemu ya kupunguza makali ya maadui, ipunguze bila aibu upite kwenye viwanja haraka uwahi mazungumzo. Ukifika kwa roho ya mwisho niandikie tena, nataka kujua wewe wa Temeke pale ulisikia nini, maana mimi na mke wangu tulibishana mpaka alfajiri.